Kocha wa besiboli hadahili mtu

Simu ile ile imeingia tena. Mzazi ana furaha tele: kocha wa chuo kimoja cha Ivy League, kundi la vyuo maarufu kama Harvard na Yale, amempa kijana wake "skolashipu ya besiboli", kwa hiyo kuna haja gani ya kurudia SAT, mtihani wa kuombea chuo? Nashauri wanafunzi wachezaji hapa Marekani, na simu hii napigiwa na Wakenya, Watanzania na Wakongomani, mwaka nenda mwaka rudi. Naijibu hapa mara moja, kwa sababu kuna vijana wanaokosa vyuo kwa ajili ya imani hii.

La skolashipu ni jepesi. Vyuo vinane vya Ivy League havitoi ufadhili wa michezo, na msimamo huo uliwekwa kwenye makubaliano yao ya 1954. Williams, Amherst, MIT na Caltech navyo viko Division III, ngazi ya tatu ya michezo ya vyuo, ambako hakuna ufadhili huo. Stanford, Duke, Vanderbilt na Rice vinatoa. Ukisikia "skolashipu ya besiboli ya Yale", aliyesema hajui, au aliyesikia hakuelewa.

Gumu ni hili la pili: kocha hana mamlaka ya kumdahili mtu. Ofisi ya udahili ndiyo inayodahili. Kocha anamwombea mchezaji, na uzito wa maombi yake hutofautiana mno kati ya chuo na chuo.

Katika Ivy, mwanafunzi akishamaliza darasa la 11, kuanzia Julai, kocha anaweza kupeleka karatasi zake zisomwe mapema: matokeo ya darasa la 9 hadi la 11, alama za SAT au ACT, na orodha ya masomo atakayosoma darasa la 12. Orodha hiyo wengi hawaitilii maanani. Kijana ameandika hesabu za kalkulasi na fizikia ya juu, ofisi imesoma na kuridhika, kisha Agosti anaziacha achukue masomo mepesi apate muda wa mazoezi. Faili lililoridhiwa si lake tena. Kocha hawezi kumtetea, hata kama mpira wake unafika maili 92 kwa saa.

Kuna pia kipimo cha Ivy kinachochanganya alama za shule na za mtihani kuwa namba moja. Wastani wa wachezaji walioitwa na makocha hauruhusiwi kuachana mno na wa wanafunzi wengine wa chuo hicho. Kwa hiyo kocha anapanga kundi zima. Akimchukua mrushaji mwenye namba ya chini, lazima ampate mdakaji au mchezaji mwingine mwenye namba ya juu ya kufidia. Ndiyo maana kijana yule yule, mwenye alama zile zile, anaweza kufaa mwaka huu na asifae mwaka ujao. Kocha akiuliza SAT yako kwa mara ya tatu, anapiga hesabu. Rudia mtihani.

MIT ni habari nyingine kabisa. Kocha anaweza kuiambia ofisi kwamba anamtaka mchezaji, lakini hana nafasi zilizotengwa kwa ajili yake, na vijana wengi wanaotakiwa na makocha wa pale hukataliwa. Neno "tunakuunga mkono" likitoka MIT halilingani na lile lile likitoka Princeton, chuo cha Ivy.

Wapo watakaonionyesha kesi ya Harvard, ile iliyopinga namna chuo hicho kinavyodahili. Ni kweli, kumbukumbu za mahakama zilionyesha kwamba wachezaji walioitwa walikubaliwa kwa takriban asilimia 86. Lakini hao ni waliokwisha kuchujwa. Aliyeambiwa mwezi Julai kwamba karatasi zake hazitoshi huelekea chuo kingine, asiingie kwenye hesabu hiyo. Na hata aliyesomwa vizuri, sijui kumwambia mzazi amebakiza hatari kiasi gani. Washauri wenzangu husema "imeisha hiyo". Mimi siwezi kusema hivyo kabla ofisi ya udahili yenyewe haijaandika. Ivy huanza kutuma barua za kuashiria kukubaliwa tarehe 1 Oktoba. Ujumbe wa simu wa kocha, hata wenye picha ya jezi, si barua hiyo.

Basi muulizeni kocha waziwazi. Je, karatasi zimeshasomwa? Ofisi ilijibu nini, kwa maneno yake? Unazo nafasi ngapi za kuombea mwaka huu, na mwanangu ni mmoja wao? Nitatumiwa barua kabla ya Desemba? Kocha mkweli hachukii maswali haya. Anayeyakwepa huenda bado anamsubiri kijana mwingine.

Ulizeni na hesabu ya fedha isomwe mapema pia, kabla ya kujifunga na ombi la mapema lisilovunjwa. Kwa familia zetu nyingi ndipo penye nafuu yenyewe: Harvard imetangaza kwamba kuanzia 2025 familia yenye kipato kisichozidi dola 100,000 na mali za kawaida haitalipa kitu, huku timu za Division I, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, kwa miaka mingi zikigawana skolashipu 11.7 tu za besiboli kwa wachezaji zaidi ya 20. Msaada unaotokana na kipato hauondoki bega la mrushaji likiumia.