Hati ya hakimiliki ya kimila: ni nini hasa?

Hati ya hakimiliki ya kimila ni karatasi inayothibitisha haki ya mtu juu ya ardhi ya kijiji nchini Tanzania. Vijijini wengi huiita "hati ya kimila" tu, na hilo neno kimila limewaponza watu. Wapo wanaodhani ni karatasi ya daraja la chini, ya kumtuliza mkulima huku akisubiri hati yenyewe, ile ya mjini. Sivyo. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, kinaipa hakimiliki ya kimila hadhi sawa kwa kila hali na hakimiliki inayotolewa na Serikali. Kuna hata mahali inapoizidi: hati ya mjini haivuki miaka 99, lakini mwanakijiji anaweza kupewa ya kimila isiyo na ukomo, akairithisha kwa watoto, nao kwa wajukuu.

Tuanzie kwenye ardhi yenyewe. Tanzania ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini kwa niaba ya wananchi. Sheria inaigawa mafungu matatu: ardhi ya jumla (isiyo ya hifadhi wala ya kijiji), ardhi ya hifadhi na ardhi ya kijiji. Hili la tatu linasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji. Nasema kusimamiwa, kwa sababu halmashauri inaishika kama mdhamini wa wanakijiji, si mwenye mali. Haiwezi kumgawia mtu ardhi ya kijiji bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Mwenyekiti anayegawa mashamba akiwa amekaa na mtendaji wake ofisini anavunja sheria, hata kama muhuri ni halisi.

Sasa jambo ambalo ningependa kila mkulima alishike: haki ni kitu kimoja, hati ni kingine. Familia iliyolima shamba lake kwa kufuata mila za pale ilipo tayari ina hakimiliki ya kimila, hata kama haijawahi kuona karatasi. Hati haizai haki; inaithibitisha. Kwa hiyo anayekuja kijijini akisema "hamna hati, basi hii ardhi haina mwenyewe" asikubaliwe. Lakini tusijidanganye kwamba karatasi haina kazi. Wazee waliojua mpaka unapita wapi wanaondoka mmoja mmoja, masale na minyaa iliyopandwa mpakani hung'olewa usiku, na siku ya kesi jirani aliyekuwa shahidi amekwisha hamia kwa mwanawe mbali. Hapo ndipo maandishi yanapomwokoa mtu.

Kuipata kuna hatua. Kijiji kiwe na mipaka inayokubaliwa na vijiji jirani, kiwe na cheti cha ardhi ya kijiji, na kwa kawaida kiwe na mpango wa matumizi bora ya ardhi unaoonyesha pa kulima, pa kuchungia, msitu na makazi. Kisha linakuja lile la shambani: mwenye shamba, majirani wa pande zote na wajumbe wanatembea mpakani, wanakubaliana, vipimo vinachukuliwa, madai yanahakikiwa mbele ya watu. Migogoro mingi huibuka siku hiyo, na ni afadhali iibuke wakati huo, wote wakiwa wamesimama juu ya ardhi inayozungumziwa, kuliko miaka kumi baadaye. Ikishindikana, kuna baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba ambao watatu kati yao ni wanawake. Kazi ya baraza hilo ni kusuluhisha.

Uhakika huu wa ardhi unagusa hata chakula cha kaya. Kinaingia wapi? Kinaingia kwenye muda. Mahindi ni ya msimu mmoja, hata aliyekodi atalima. Lakini mkahawa hukaa karibu miaka mitatu kabla ya kuzaa, na matuta ya kuzuia mmomonyoko au samadi ya kurudisha rutuba huanza kulipa pole pole. Asiyejua kama mwakani atakuwa bado pale hafanyi lolote kati ya hayo. Anakamua udongo kile unachotoa leo. Anaogopa hata kupumzisha shamba, asije akaambiwa amelitelekeza, ingawa sheria inahesabu kulipumzisha kuwa ni kulitumia. Njaa ya kaya huanza hivyo, kidogo kidogo, mvua zikinyesha vizuri tu.

Mjane yuko hatarini kuliko wote. Mwanamke ndiye anayelima, kupalilia na kuhifadhi, kisha mume akifa anaambiwa shamba ni la ukoo. Kifungu cha 20 cha sheria hiyo hiyo kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki na kutumia ardhi. Hati inaweza kubeba majina ya mume na mke. Naomba sana yaandikwe yote mawili, tena mapema, mume akiwa mzima na akili zake timamu, kwa sababu msibani hakuna anayesikiliza vifungu.

Hati inaweza pia kuwa ya kundi. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata ya pamoja, ikalinda ardhi wanayoishi kwa kuwinda na kukusanya matunda, mizizi na asali. Wafugaji nao wanaihitaji, maana malisho yakikatwa vipande vya mtu mmoja mmoja, ng'ombe hawana pa kupita.

Hata hivyo, hati hii ina mipaka yake. Rais anaweza kuhawilisha, yaani kubadilisha, ardhi ya kijiji kuwa ya jumla kwa manufaa ya umma. Eneo likiwa chini ya hekta 250, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri baada ya kupata maoni ya kijiji. Fidia inapaswa kuwa kamili, ya haki na ya haraka. Benki nazo nyingi husita kuipokea kama dhamana, kwa kuwa shamba la kijijini haliuzwi kwa yeyote bila kupita halmashauri.

Ukishakabidhiwa yako, soma jina herufi kwa herufi, angalia sahihi na mihuri, linganisha majirani walioandikwa na wale unaowajua. Kisha nenda masijala ya ardhi ya kijiji uone kwa macho yako kwamba umeandikwa kwenye daftari. Mchwa wakila nakala ya nyumbani, hilo daftari ndilo litakalosema shamba ni la nani.