Ada ya dola 40 inanunua nini hasa? Kupima kampuni ya propu ya bei nafuu

Matreda wanaoniomba ushauri kuhusu kampuni za propu (zinazokutoza ada ya jaribio, na ukifaulu zinakupa akaunti ya kufanyia biashara na kugawana nawe faida) huja na bei mkononi: akaunti ya dola 10,000 kwa ada ya dola 40, je, nilipie? Mimi huanza kwa kuiweka kando ile 10,000. Kama sheria inasema akaunti inafungwa ikipoteza 6%, basi ulichouziwa ni nafasi ya kupoteza dola 600, na huo ndio mtaji wako. Treda anayejiwekea hatari ya 1% kwa kila oda, yaani kila biashara anayofungua, anadhani yuko makini, kumbe dola 100 anazoweka ni sehemu moja ya sita ya mtaji huo. Oda sita mbaya mfululizo, na akaunti imefungwa. Kwa akaunti kama hii mimi nashauri hatari isizidi dola 15 hadi 20 kwa oda. Wengi hawapendi kusikia hivyo, kwa sababu faida nayo inakuwa ndogo.

Baada ya hapo natafuta mstari mmoja kwenye masharti: kikomo cha hasara kimesimama mahali pamoja au kinapanda pamoja na faida yako? Kampuni za bei nafuu hupenda hiki cha pili. Kikomo kilichosimama kinabaki kwenye dola 9,400 hata ufanye nini. Kinachopanda kinakufuata nyuma: ukifika 10,400, nacho kimefika 9,800. Ukirudi hapo umetolewa, ingawa ukipima kutoka ulipoanzia umepoteza dola 200 tu.

Tofauti hii inaweza kuhesabiwa. Chukua treda asiye na ujuzi wa kulishinda soko wala udhaifu wa kushindwa nalo. Kila oda yake ni kama sarafu inayorushwa. Ili afaulu jaribio, anatakiwa afikishe faida ya 10% kabla ya kugusa kikomo cha 6%. Kikomo kikiwa kimesimama, uwezekano wake wa kufaulu ni 6 kwa 16, yaani 37.5%. Kikiwa kinapanda muda wote, unashuka hadi takriban 19%. Zipo kampuni zinazokizuia kisiendelee kupanda kikishafika kwenye salio la kuanzia, na hapo uwezekano ni karibu 22%. Sasa rudi kwenye bei. Ada ya dola 60 yenye kikomo kilichosimama inamgharimu mtu huyu wastani wa dola 160 kwa kila kufaulu mara moja. Ada ya dola 40 yenye kikomo kinachopanda muda wote inamgharimu karibu dola 212. Ile iliyoonekana rahisi ndiyo ghali, na bado hatujakata spredi (tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza) wala kamisheni. Treda mwenye ujuzi wa kweli atafanya vizuri zaidi kote kuwili, lakini kikomo kinachopanda kitamuumiza hata yeye, kwa sababu hata mfumo mzuri una vipindi vya kurudi nyuma.

Kikomo cha hasara ya siku nacho kina siri yake. Uliza kinahesabiwa kutoka kwenye salio (bila kuhesabu oda zilizo wazi) au kwenye ekwiti (salio pamoja na faida au hasara ya oda zilizo wazi), na siku inaanza saa ngapi kwa saa ya seva. Tuseme kikomo cha siku ni 4%, yaani dola 400, na siku mpya inaanza ukiwa na oda iliyo wazi yenye faida ya dola 300 ambayo hujaifunga. Kampuni inayotumia ekwiti itahesabu kutoka 10,300, hivyo mpaka wako ni 9,900. Soko likirudi nyuma ulikoanzia na kuteremka kidogo, ukipoteza dola 100 tu za salio, siku yako imeisha na akaunti imekwenda nayo. Nimeona watu wenye mfumo mzuri wa kushikilia oda usiku kucha wakiangukia hapa bila kuelewa kilichowapata. Wewe unayeshika oda kwa siku kadhaa, sheria hii ni muhimu kwako kuliko ada yenyewe.

Spredi haihitaji maneno mengi. Ukitumia nusu loti (loti ni kipimo cha ukubwa wa oda) ya EURUSD, yaani yuro dhidi ya dola, pipu moja, hatua ndogo ya bei, ni dola 5. Kampuni ikikutoza pipu moja zaidi ya bei ya kawaida ya soko, oda 40 zimekula dola 200, theluthi ya mtaji wako halisi. Omba demo, yaani akaunti ya majaribio, fungua chati, linganisha na broka wa kawaida wakati soko limechangamka na wakati limepoa.

Tafuta pia kanuni ya uthabiti, ambayo mara nyingi haikuandikwa kwenye ukurasa wa bei. Ikisema siku moja isizidi 30% ya faida yote, nawe umepata dola 600 ambazo 300 zilitoka siku moja, huwezi kutoa chochote mpaka faida ifike dola 1,000. Wakati huo wote kikomo kiko nyuma yako.

Halafu kuna swali la nani anakulipa. Kampuni nyingi za aina hii huwaweka wateja kwenye akaunti za kuigiza hata baada ya kufaulu, na malipo hutoka kwa kiasi kikubwa kwenye ada za wanaofeli. Hilo peke yake si wizi. Lakini ada ikiwa ndogo sana, kampuni inahitaji wateja wapya wengi bila kukoma, na wakipungua, malipo yako ndiyo ya kwanza kuchelewa. Wewe si mwenye amana anayelindwa kama mteja wa benki. Agosti 2023, CFTC, mdhibiti wa serikali ya Marekani wa masoko ya aina hii, iliishtaki Traders Global Group, iliyoendesha My Forex Funds, ikidai kampuni ilikusanya angalau dola milioni 310 kutoka kwa wateja zaidi ya 135,000. Mei 2025 mahakama iliifuta kesi hiyo na kuiadhibu CFTC kwa mwenendo wake. Hata hivyo, mali zilizuiwa tangu mwanzo, na matreda waliosubiri malipo walikwama vilevile. Kesi hiyo ikiwa bado inaendelea, Februari 2024, MetaQuotes ilipobana matumizi ya MetaTrader, jukwaa lake la kufanyia biashara, kwa kampuni za propu, baadhi zilisimama ghafla na nyingine zikahamia majukwaa mengine kama cTrader, DXtrade au Match-Trader. Ndiyo maana nauliza jukwaa ni la nani, kampuni imesajiliwa wapi, na ilifanya nini katika miezi ile.

Je, zipo za bei nafuu ninazoziona zinafaa? Ndiyo: kikomo kimesimama, kanuni zote ziko kwenye waraka mmoja wenye tarehe, hakuna sheria inayoongezwa siku ya kuomba malipo. Hifadhi nakala ya waraka huo siku unayolipia. Ukifaulu, toa kiasi kidogo mapema kadiri masharti yanavyoruhusu, usingoje kilimbikizwe.

Na kama hizo dola 40 ni za kukopa, au kama rekodi yako haijaonyesha faida kwa miezi kadhaa, nakuomba kwa dhati usilipe sasa. Fungua akaunti ya senti, inayohesabu salio kwa senti ili oda ziwe ndogo sana, kwa broka aliyesajiliwa, uweke pesa hiyohiyo. Hapo kikomo cha hasara unakipanga wewe, na kitakachobaki unaweza kukitoa.