"Isiyo ya Hodgkin" si jina kamili la ugonjwa wako

Wiki hii peke yake nimeulizwa mara tatu: "Daktari, nina limfoma isiyo ya Hodgkin. Wenye ugonjwa huu huishi miaka mingapi?" Limfoma ni saratani ya seli nyeupe za kinga zilizo kwenye tezi za mwili, na swali hilo halijibiki. Kila nikilisikia najua kuna mtu aliyempa mgonjwa nusu ya jina, akamwacha aende nalo nyumbani.

"Isiyo ya Hodgkin" inasema tu kwamba ugonjwa wa Hodgkin haukuonekana kwenye darubini. Kilichoonekana ni nini? Jina halisemi, na chini yake kuna aina nyingi mno. Daktari Mwingereza Thomas Hodgkin alieleza ugonjwa unaoitwa kwa jina lake mwaka 1832, na nyingine zikaja kuitwa kwa kutofanana na wa kwake. Basi watu hudhani yake ndiyo kubwa na hizi ni masalio. Marekani, kila mwaka hugundulika wagonjwa wapya wapatao 80,000 wa hayo "masalio". Wa Hodgkin hawafiki 10,000.

Sasa lifungue fungu lenyewe. Seli B na seli T ni aina mbili za seli hizo za kinga. Inayoongoza karibu kila mahali ni limfoma ya seli B kubwa zilizotapakaa, takriban theluthi ya wagonjwa. Hukua haraka na haisubiri, lakini zaidi ya nusu hupona kabisa wakipata dawa kamili. Katika nchi za Magharibi inafuata ya folikula, karibu mgonjwa mmoja kwa kila watano. Hii hujikokota; asiye na dalili anaweza kukaa miaka tukimfuatilia tu bila dawa, ila ikishasambaa ni nadra kuisha moja kwa moja. Ukichukua wastani wa hawa wawili unapata namba isiyomhusu hata mmoja wao. Ndiyo maana nawasihi msitoke kliniki bila nakala ya jibu la patholojia, yaani la uchunguzi wa tezi yenu kwenye darubini. Ulizeni: ni ya seli B au seli T? Inakwenda haraka au polepole? Jina lake kamili ni lipi? Daktari akikunja uso, ulizeni tena.

Dhana nyingine potofu nitazipitia upesi. Wapo wanaochukua jedwali la aina za limfoma la nchi moja na kulisoma kama la dunia nzima. Aina iitwayo limfoma ya Burkitt ni asilimia 1 hadi 2 tu ya limfoma za watu wazima Marekani, lakini katika ukanda wa malaria wa Afrika ni miongoni mwa saratani zinazoongoza kwa watoto. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliandika kuhusu uvimbe wa taya za watoto wa Uganda mwaka 1958, na leo tunajua virusi vya Epstein-Barr na malaria vinashirikiana kuuleta. Kusini-magharibi mwa Japani, virusi vya HTLV-1 huongeza limfoma za seli T. Maambukizi yakibadilika, jedwali nalo hubadilika.

"Ni ugonjwa wa wazee." Kwa aina nyingi, ndiyo. Lakini wagonjwa wa Hodgkin huongezeka katika vipindi viwili vya umri: ujanani, kisha tena baada ya miaka 55 hivi. Kijana mwenye tezi ya shingoni isiyouma na isiyonywea asiambiwe umri wake unamlinda.

"Ya nadra ndiyo inayoua." Uadimu na ukali ni vitu viwili. Burkitt hukua kwa kasi kuliko karibu saratani zote, na bado watoto wengi wanaopata tiba kamili kwa wakati hupona.

La mwisho linanikera kwa sababu huharibu hata takwimu zenyewe: kwamba kufyonza seli chache kwa sindano nyembamba kunatosha. Mara nyingi jibu hurudi "limfoma" basi, na mgonjwa huingia kwenye rejista ya saratani akiwa na aina isiyotajwa. Tezi ikifikika, itolewe nzima. Kidonda chake ni kidogo, na mwanapatholojia anahitaji kuona mpangilio wa seli ndani ya tezi ili aandike jina lote.