Adapta ya risasi haikupi bunduki ya pili

Mvua kubwa zikianza, au uchaguzi ukikaribia, wenye mashamba na wafanyabiashara hapa Uganda walio na kibali cha silaha huanza kuniuliza habari za adapta. Wameona video za Marekani: mtu anachomeka bomba fupi la chuma kwenye chemba (pale risasi inapokaa) ya bunduki ya marisau, yaani shotgun, ya kipimo cha 12, kisha humo humo anapiga risasi ya bastola au ile ndogo ya .22. Anayejiandaa kwa siku mbaya lazima avutiwe. Kazi yangu ni kukarabati silaha na kutunza maghala yake, kwa hiyo nataka nilieleze jambo hili kwa kirefu, maana jibu la "usifanye" peke yake halimsaidii mtu.

Adapta kwa nje ina umbo la risasi kubwa, na kwa ndani imetobolewa chemba ya risasi ndogo. Bunduki haijui tofauti: pini inapiga, kiwashio kinashika, baruti inaungua. Hata risasi ya .22, ambayo kiwashio chake kimezunguka ukingoni mwa ganda badala ya kukaa katikati, huwekwa upande ndani ya adapta ili pini iangukie ukingo. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwishoni mwa karne ya 19 jeshi la Uingereza lilitumia bomba la Morris, lililoingizwa ndani ya mtutu wa bunduki ya Martini-Henry ili askari wajifunze shabaha kwa risasi ndogo za bei nafuu. Yalikuwa mazoezi. Hakuna aliyepelekwa vitani na bomba hilo, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea leo.

Risasi ndogo ndani ya mtutu mkubwa inabaki ndogo. Chukua bunduki ya kuwindia ya .308, ambayo kichwa cha risasi yake hutoka na nguvu ya takriban juli 3,500. Itie adapta ya risasi ya bastola ya .32 ACP, utapata juli 170 hivi. Kama mtutu ni wa kipimo cha 12, wenye upana wa milimita 18 na ushee, na adapta ni fupi isiyo na mifereji ya msokoto inayozungusha kichwa cha risasi ili kiende sawa, kichwa cha milimita tisa kinapita kikiyumbayumba bila kushikwa na chochote. Kwa mita kumi huenda ukapata shabaha. Kwa mita thelathini unabahatisha, na risasi uliyoibahatisha inaishia mahali fulani, pengine kwa jirani. Bunduki inayojipakia yenyewe kwa gesi nayo haitajipakia, kwa sababu gesi ya risasi ndogo haitoshi kusukuma mtambo. Kila ukipiga unafungua, unatoa adapta, unang'oa ganda, unatia jingine. Fanya hivyo usiku, mikono inatetemeka.

Sasa shinikizo, ambalo ndilo linaloua. Risasi ya kawaida ya kipimo cha 12 inaruhusiwa kufika bar (kipimo cha shinikizo) 740. Ya 9mm inafika 2,350. Yaani risasi inayoonekana ndogo mkononi inasukuma zaidi ya mara tatu, na mtutu wa marisau, ambao ukuta wake ni mwembamba, haukutengenezwa kwa mzigo huo. Chuma cha adapta ndicho kinachobeba yote. Mafundi wa chuma wa Katwe, Kampala, nawaheshimu sana. Wakipewa kipande cha chuma watakutengenezea karibu kila kitu. Lakini chuma cha kazi hii huchaguliwa kwa aina, hupikwa kwa joto lililopimwa na kujaribiwa kabla ya kuuzwa. Kipande kilichochongwa kwa kukisia ni bomu lililo sentimita chache kutoka kwenye jicho lako. Tena kazi ya kutengeneza na kukarabati silaha ina leseni yake, na fundi asiyekuwa nayo anaingia matatani pamoja na wewe.

Kuna hatari nyingine isiyohitaji hata adapta mbovu: kuchanganya risasi nyumbani. Risasi ya kipimo cha 20 ni nyembamba kuliko ya 12, kwa kuwa namba hizi huhesabu vigololi vya madini ya risasi, vyenye upana wa mtutu, vinavyotimiza ratili moja. Vikiwa vingi, kila kimoja ni kidogo. Mtu aliye na adapta ya 20 anaweka boksi zote mbili pamoja. Siku ya haraka anasahau adapta, anatia ya 20 moja kwa moja. Inateleza, inapita chemba, inakwama mbele kidogo mahali mtutu unapobana. Anafyatua, kimya. Anafungua, anaona chemba tupu, anatia ya 12 nyuma yake. Nimeshika mtutu uliopitia hayo: umechanika mbele ya chemba kama ganda la ndizi, palepale mkono wa kushoto unaposhika. Ndiyo maana watengenezaji hutia risasi za 20 rangi ya njano. Rangi hiyo imewekwa kwa ajili ya mikono yetu.

Kisha kuna sheria yetu. Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 inataka cheti kwa silaha na kwa risasi zake. Ukiwa na kibali cha bunduki ya marisau, kisha ukakutwa na boksi la 9mm kabatini, maelezo ya adapta hayatakuokoa. Mmarekani anayeingia dukani na kutoka na risasi za aina nne ana sababu ya kununua adapta. Sisi risasi zetu zinahesabiwa. Na tangu mwaka 2018, Rais alipoagiza bunduki zote zichukuliwe alama za kipekee baada ya kuuawa kwa mbunge Ibrahim Abiriga, uvumilivu kwa silaha iliyochezewa umepungua sana, na mimi naunga mkono.

Tazameni pia dharura zilizotupata kweli. Maporomoko ya Bududa mwaka 2010 na 2018, Nyamwamba ilipofurika Kasese mwaka 2013, kufungiwa ndani kwa korona mwaka 2020. Watu walihitaji maji safi, dawa, simu yenye chaji na njia ya kutokea. Tembo akiingia shambani, wa kuitwa ni UWA, mamlaka ya wanyamapori, adapta ya .22 itamkasirisha tu.

Kama una silaha halali na unataka siku ya shida ikutii, fedha ya adapta iweke kwenye kabati la chuma lililofungwa ukutani, na kwenye usafi. Ukinyeshewa, kausha mtutu usiku huohuo, pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo, kisha kikavu. Risasi zenyewe usizipake mafuta, yanapenya hadi kwenye kiwashio na kukiua. Usiziweke juu chini ya mabati, joto la mchana huharibu baruti polepole. Kwa wanaokaa karibu na ziwa, Entebbe au Jinja, zitazameni kila mwezi kwenye mwanga: kitako cha shaba chenye kutu ya kijani, au ganda la plastiki lililovimba, hilo halipigwi tena. Msilizike shambani wala kulitupa chooni. Lipelekeni kituo cha polisi mlikosajili silaha, pamoja na kibali chenu, na mdai liandikwe kitabuni mkiwa mmesimama hapo.