Je, wajua kwa nini jina la "Mfalme wa Uwanjani" lilimuumiza Kageyama?

Katika Haikyu!!, manga (hadithi ya katuni ya Kijapani) ya voliboli ya Haruichi Furudate iliyotoka kwa mfululizo katika jarida la Weekly Shonen Jump kuanzia Februari 2012 hadi Julai 2020, yumo kijana ambaye wapinzani wakimwona huanza kunong'onezana: yule pale, Mfalme wa Uwanjani. Msomaji mgeni hudhani ni sifa. Lakini Kageyama Tobio mwenyewe akiitwa hivyo hukunja uso, maana jina hilo alibandikwa na wachezaji wenzake wa shule ya kati ya Kitagawa Daiichi, na mfalme waliyemkusudia ni yule anayeamuru watu bila kujali kama wanaweza kumfuata.

Ili kuelewa kwa nini walimchoka, lazima kwanza tuelewe kazi yake. Kageyama ni seta. Katika voliboli timu ina haki ya kugusa mpira mara tatu kabla ya kuurudisha upande wa pili: mmoja anaupokea, wa pili anauinua, wa tatu anaupiga. Ule mguso wa pili ndio wa seta. Karibu kila shambulizi hupita mikononi mwake, na ndiye anayeamua nani apige, wapi, kwa kasi gani. Hakuna mchezaji mwenye madaraka kumzidi. Hata hivyo sheria inasema mtu mmoja haruhusiwi kuugusa mpira mara mbili mfululizo, ukiacha mambo machache kama mguso wa kuzuia kwenye wavu. Maana yake, seta akishauinua mpira hawezi kuumalizia mwenyewe. Katika soka mwenye kipaji na kiburi anaweza kuwapiga chenga wanne na kufunga. Katika mpira wa kikapu anaweza kukimbia nao mpaka kwenye pete. Seta hana njia hiyo. Kipaji chake chote huonekana kwenye mkono wa mtu mwingine.

Sasa mweke hapo kijana wa miaka kumi na minne mwenye uwezo kuliko wote uwanjani na asiye na subira hata kidogo. Kageyama aliona nafasi ambazo wenzake hawakuziona, akainua mipira ya kasi ili kuukwepa ukuta wa wapinzani, yaani mikono ya wanaoruka kuzuia kwenye wavu, na wapigaji walipochelewa aliwafokea waongeze kasi, waruke juu zaidi, walingane naye. Kwa hesabu za mchezo alikuwa sahihi mara nyingi, na hilo ndilo lililomfanya azidi kuwa mgumu. Mwisho wake ulifika kwenye fainali ya mkoa. Aliinua mpira, akageuka kumtazama mpigaji, na hapakuwa na aliyeruka. Mpira ukaanguka. Kocha akamtoa, akaimaliza mechi yake ya mwisho ya shule ya kati akiwa amekaa benchi.

Furudate hakuwafanya wale wenzake kuwa wabaya, na hapo ndipo ninapomheshimu sana kama mwandishi. Mfano mzuri ni Kunimi, mmoja wa waliocheza na Kageyama pale Kitagawa Daiichi. Kunimi hukimbia kwa kiasi na haonyeshi jasho lake. Kageyama alimwona mvivu, akamgombeza. Walipofika sekondari Kunimi alijiunga na Aoba Johsai, chini ya seta mwingine aitwaye Oikawa, na Oikawa akaigeuza tabia ileile kuwa silaha: wakati wengine wameishiwa pumzi mwishoni mwa mechi, Kunimi bado ana nguvu, na mipira muhimu anapewa yeye. Mchezaji hakubadilika. Kilichobadilika ni seta aliyekuwa akimtazama.

Kageyama naye alishindwa mtihani wa kuingia Shiratorizawa, shule yenye nguvu kuliko zote mkoani, akaangukia Karasuno. Huko akakutana na Hinata Shoyo, kijana wa sentimita 162.8 anayeruka kupita kiasi na asiyejua mbinu. Katika mazoezi ya mwanzo wakagundua pigo ambalo lingewapa jina. Hinata anakimbia, anaruka, anafumba macho na kuzungusha mkono kwa nguvu zake zote, kisha Kageyama anauleta mpira mpaka kwenye kiganja chake. Mipira ya haraka namna hii ina asili ya kweli katika voliboli ya Japani. Miaka ya 1960 na 1970 kocha Yasutaka Matsudaira alijua kwamba vijana wake hawawezi kushindana kwa urefu na mataifa ya Ulaya, akajenga timu juu ya kasi na hadaa, na mwaka 1972 mjini Munich ikachukua medali ya dhahabu ya Olimpiki, Katsutoshi Nekoda akiwa seta wake. Waliotazama Malkia Strikers wa Kenya wakifungwa seti 3-0 na wanawake wa Japani kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 wanaikumbuka kasi ya aina hiyo. Kumfumbisha mpigaji macho, hata hivyo, ni ubunifu wa Furudate mwenyewe.

Wasomaji wengi husema Kageyama alibadilika hapa: amepata mtu wa kumwamini, kiburi kimeisha. Mimi sikubaliani. Litazame pigo lenyewe. Nani anaona ukuta wa wapinzani? Kageyama. Nani anachagua mpira uende wapi? Kageyama. Hinata kafumba macho na kutoa mkono tu. Mfalme amepata raia mtiifu kuliko wote aliowahi kuwa nao, mmoja asiyechelewa kamwe. Tatizo la Kitagawa Daiichi halijatatuliwa, limepata mtu anayelistahimili kwa furaha.

Na manga inalijua hilo. Kwenye Interhigh, mashindano ya shule za sekondari, Karasuno wanatolewa na Aoba Johsai, na mpira wa mwisho ni pigo hilohilo la macho kufumbwa, likizuiwa na ukuta ambao Hinata hakuuona. Ndani ya mechi hiyo kuna tukio lingine dogo ambalo lina uzito wake. Kageyama anatolewa kwa muda, na badala yake Sugawara, seta wa mwaka wa tatu ambaye nafasi yake ilichukuliwa na huyu mdogo wake, anaingia. Sugawara hana ustadi wa Kageyama. Lakini anazungumza na kila mtu, anawagusa mabega, anajua nani ana hofu na nani ana hasira. Kageyama anatazama yote hayo toka benchi. Aliporudi uwanjani alijaribu kuzungumza na Tsukishima, mwenzake wa timu anayemchukia waziwazi, kuhusu mipira anayoipenda. Alifanya vibaya, uso umekakamaa, maneno hayatoki. Ila alifanya.

Mabadiliko makubwa yanakuja baada ya kushindwa huko. Hinata anasema anataka kupiga akiwa amefumbua macho, achague mwenyewe. Kageyama anakataa na kumwambia, kwa maana yake, kwamba utashi wake hauhitajiki katika pigo lile. Wanakunjana mashati mpaka Tanaka, mwenzao wa Karasuno, anakuja kuwaamua. Sehemu hii naipenda kuliko mechi yoyote ya manga hii, kwa sababu inamweka Kageyama mahali palepale alipokuwa kwenye fainali ya mkoa, safari hii mbele ya mtu asiyekubali kuondoka kimya kimya.

Anayemfungua macho ni Oikawa. Yafaa kujua wanatoka wapi. Oikawa alikuwa mkubwa wake Kitagawa Daiichi, na siku moja Kageyama alipomwomba amfundishe kuanzisha mpira, Oikawa aliinua mkono kumpiga, kwa kuogopa kipaji cha mtoto yule, na rafiki yake Iwaizumi akauzuia. Kwenda kumwomba ushauri mtu kama huyo ni kumeza kiburi kwa kweli. Oikawa anamuuliza kama amewahi kujitahidi kwa nguvu zake zote kumpa Hinata mpira anaoutaka, na kumwonya kwamba akikataa hata kujaribu, atarudi kuwa yule mfalme dhalimu wa zamani.

Jibu la Kageyama halikuwa la maneno. Alikwenda kwa kocha Ukai, wakaanza kutengeneza aina mpya ya mpira. Ule wa zamani ulipita mbele ya mpigaji kwa kasi, ukihitaji mkono uwe pale kwa sekunde ileile. Huu mpya unakwenda haraka vilevile, lakini unapofika kwenye kilele mbele ya Hinata unaishiwa mwendo na kuanza kushuka, na ndani ya kitambo hicho Hinata anaweza kuuona ukuta na kuamua apige wapi. Kageyama aliurudia mpira huo jioni baada ya jioni, akilenga chupa za plastiki. Kwa seta hili ni gumu kuliko kuupeleka mpira kwenye kiganja cha mtu aliyefumba macho. Na kitambo kile alichokitengeneza ni sehemu ya madaraka yake anayoiachia. Ukomavu wake Furudate ameuchora kama tatizo la ufundi, na tatizo hilo lina suluhisho la ufundi. Hakuna hotuba ya toba.

Hadithi nyingine ingeishia hapo. Kageyama anaalikwa kwenye kambi ya vijana ya taifa, na seta wa shule ya Inarizaki, Miya Atsumu, anamwambia kwamba uchezaji wake ni wa mtoto mtiifu. Maneno hayo yanamchoma. Kumbe katika kujirekebisha alianza kuwa seta anayempa kila mtu anachotaka na kuogopa kudai chochote. Anarudi Karasuno, na katika mechi ya kirafiki dhidi ya Date Tech, timu maarufu kwa ukuta wake, analipuka na kuwafokea wapigaji waongeze kiwango. Kisha ananyamaza ghafla, amejisikia, anajua alichokifanya. Uwanja mzima kimya.

Ndipo Hinata anauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza tangu sura ya kwanza: kwani kuwa mfalme kuna ubaya gani? Kageyama aseme atakavyo, yeye Hinata asiporidhika hatamsikiliza. Kageyama anavikwa taulo kichwani kama taji. Tangu hapo Kageyama anaruhusiwa kudai tena, kwa sauti kubwa, na wenzake wanaruhusiwa kumkatalia. Pale Kitagawa Daiichi wale vijana hawakuwa na njia ya kukataa ila kutoruka. Karasuno wana midomo.

Swali linalobaki ni kiburi kile kilitoka wapi, na Furudate analijibu karibu na mwisho kabisa, wakati Kageyama ameshacheza Olimpiki ya Rio ya 2016 ndani ya hadithi na sasa ni mchezaji wa klabu ya Schweiden Adlers, akipambana na Hinata wa MSBY Black Jackals mwaka 2018. Tunaonyeshwa babu yake, Kazuyo, aliyemfundisha voliboli tangu utotoni na kumwambia kwamba akiwa hodari, siku moja atatokea mtu hodari zaidi wa kumkabili. Babu huyo alifariki Kageyama akiwa bado shule ya kati, miaka ileile aliyokuwa akiwafokea wenzake waongeze kasi. Kumbe alikuwa akimsubiri mtu aliyeahidiwa na babu, na kila aliyechelewa kuruka alikuwa anamwambia kwamba hajafika.

Nadhani Furudate alifanya vizuri kulificha hilo kwa miaka karibu minane. Lingewekwa mwanzoni, tungemhurumia Kageyama kabla hajafanya kazi yoyote, na Kunimi na Kindaichi, mwenzao mwingine wa Kitagawa Daiichi, waliobeba makali yake uwanjani, wangeonekana watu wasio na moyo. Kwa kulichelewesha, alihakikisha tunamjua kwanza kama walivyomjua wao.