Kusikiliza muziki ukatulia sio tiba ya muziki

Hili neno siku hizi limezagaa, mtu kavaa hedifoni anakunywa chai anaposti "tiba ya muziki", shule imemleta mwalimu wa kinanda kila Ijumaa nayo inawatangazia wazazi watoto wao wanapata tiba ya muziki, na hili la shule ndo linaniuma zaidi, maana kuna mzazi ana mtoto anayehitaji msaada kweli na anaamini ameshaupata.

Kwa kifupi, tiba ya muziki ni pale mtaalamu aliyesomea kazi hiyo anapotumia muziki, na ule ukaribu wake na mtoto, kufikia lengo fulani la afya, halafu anafuatilia kama linafikiwa. Ni taaluma kamili, watu wanaisomea. Marekani chama chao cha kitaifa kilianzishwa 1950, Uingereza hilo jina linalindwa na sheria, hujasajiliwa hujiiti, na Afrika Kusini inasomewa masta pale Chuo Kikuu cha Pretoria.

Sasa tofauti yake na somo la muziki. Mwalimu anataka mtoto apige sawasawa, akikosea anamrekebisha, na huo ni ualimu mzuri tu. Kwenye tiba hakuna kukosea. Chukua mtoto wa miaka sita asiyeongea, kaingia anagonga meza kwa kiganja, haraka haraka. Mtaalamu hamwambii aache, anachukua ngoma anagonga mwendo uleule, kisha anasimama ghafla. Mtoto naye anasimama, anamwangalia. Anagonga mara mbili, anajibiwa mara mbili. Hapo wameshaanza kupokezana kama watu wanaoongea, na hicho ndicho kilichokuwa kinatafutwa, ngoma yenyewe hata angeipiga ovyo haina shida. Mtunzi wa muziki Paul Nordoff na mwalimu Clive Robbins walianza kufanya kazi ya namna hii na watoto wenye ulemavu tangu 1959.

Kwa vijana inakaa tofauti kidogo. Kijana wa miaka 16 ukimuuliza unajisikiaje anasema "poa", ukiuliza tena "sijui", ila mwambie alete wimbo anaousikiliza usiku, mtaongea lisaa lizima kuhusu mstari mmoja. Wengine wanaandika mashairi yao wenyewe, wanarap, na ushauri nasaha unapitia humohumo. Akija na hasira huanzi na muziki laini wa kumbembeleza, unaanza na muziki unaolingana na hasira yake halafu unaushusha polepole, wazo ambalo daktari Ira Altshuler alikuwa akilieleza huko Marekani miaka ya 1940.

Na jamani muziki unaweza pia kuumiza. Wimbo uliopigwa msibani kwa mama yake ukiuwasha darasani bila kujua unaweza kumvuruga mtoto siku nzima, na kijana mwenye sonona (depression) anayerudiarudia nyimbo za huzuni peke yake chumbani anaweza kuzama zaidi. Ndo maana anahitajika mtu aliyefundishwa kuona hayo na kujua afanye nini. Wala tusiiuze kama dawa ya kila kitu, utafiti mmoja mkubwa uliotoka 2017 wa watoto 364 wenye usonji (autism) katika nchi 9 haukuona tofauti ya maana kwenye ukali wa dalili kati ya waliopata tiba ya muziki na ambao hawakupata.

Kingine, wimbo alioutunga mtoto kwenye tiba ni siri yake kama maneno mengine yoyote aliyomwambia mshauri. Hauimbwi siku ya wazazi, haurekodiwi ukaenda statusi. Shule ikikuambia watoto watatumbuiza "walichofanya kwenye tiba", uliza kwa upole nani anaiongoza, kasomea wapi, na lengo la mwanao ni lipi. Kama ni mwalimu wa kinanda, mshukuru na mtoto aendelee kujifunza, ila liitwe somo la kinanda, na mtaalamu bado atafutwe. Na wewe wa hedifoni, muziki umekutuliza, ni jambo jema, sema hivyohivyo.