Santoshi Maa hakutungwa na sinema

Jamani hii ya kusema mungu wa kike wa Wahindu, Santoshi Maa, katungwa na filamu ya Jai Santoshi Maa ya 1975 si kweli, miaka ya 60 tayari wanawake wa India kaskazini walikuwa wanafunga kula kwa ajili yake Ijumaa 16 mfululizo, wanamtolea sukari guru na dengu, hawagusi kitu kichachu, na hadithi yake ipo kwenye vijitabu vya bei chee. Ilichofanya filamu ni kumsambaza nchi nzima, hadi watu wakawa wanavua viatu ukumbini kama hekaluni. Na kilichowagusa, mimi naona, ni yule Satyavati wa kwenye filamu, mke anayeteswa na wake wa mashemeji zake huku mume kasafiri. Na ibada yenyewe haitaki hela nyingi, hata maskini anaifanya mwenyewe nyumbani.